Popo wa Takaungu katika Jedwali la Johannesburg

Mwaka 1901, jijini London, mtaalamu wa wanyama Oldfield Thomas wa Makumbusho ya Uingereza alimpa jina popo mdogo ambaye sayansi ilikuwa bado haijamtambua. Popo huyo ana uzito wa takriban gramu 5. Alitoka Takaungu, mji wa kale wa Waswahili ulio kusini kidogo ya Kilifi katika pwani ya Kenya. Thomas alimwita Cloeotis percivali, kwa heshima ya Blayney Percival, ambaye baadaye alijulikana kama mlinzi wa wanyamapori wa serikali ya kikoloni nchini Kenya.

Popo huyohuyo yupo pia Afrika Kusini. Anaishi katika mapango machache ya kaskazini mwa nchi, na katika orodha ya taifa ya mamalia iliyotolewa mwaka 2016 amewekwa miongoni mwa spishi zilizo hatarini kutoweka. Anayetaka kumsoma kwa undani atamkuta katika kitabu kilichochapishwa hapa Johannesburg, pamoja na ramani yake, vipimo vyake, sauti yake na chakula chake.

Katika makala haya tunafuatilia historia ya ukusanyaji wa data za popo kusini na mashariki mwa Afrika, tukisimama zaidi Johannesburg na Pretoria. Hoja yetu ni moja. Katika kazi hii kila namba ina kwao, kama mtu alivyo na kwao. Namba ikitengwa na mahali ilipopimwa inaweza kumpotosha mtaalamu, na tutaonyesha kwamba upotofu huo umewahi kugharimu maisha ya watu na ya popo pia.

Jedwali lina nini?

Tuanze na jedwali lenyewe. Mtafiti akimshika popo katika wavu, kwanza hupima uzito wake na urefu wa kigasha, yaani sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo. Uzito hupanda na kushuka kwa msimu na hata kwa usiku mmoja, lakini kigasha cha popo mzima habadiliki nacho, ndiyo maana kipimo hicho kimo karibu katika kila daftari la popo duniani.

Baada ya hapo huja umbo la bawa. Bawa refu na jembamba ni la popo arukaye kwa kasi mahali pa wazi, juu ya miti na paa. Bawa fupi na pana ni la yule anayepinda na kugeuka katikati ya matawi. Kisha huandikwa sauti, chakula, mahali anapolala mchana, msimu wa kuzaa na idadi ya watoto. Popo wengi huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati, jambo la ajabu kwa mnyama mdogo kiasi hicho. Panya mwenye uzito kama wake huzaa watoto wengi na mara nyingi kwa mwaka.

Sifa hizi zikikusanywa pamoja, mtu anaweza kubashiri. Popo wa mabawa marefu, arukaye juu, ndiye anayegongwa zaidi na mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo. Kwa sababu hiyo, Afrika Kusini ina mwongozo unaotaka popo wachunguzwe kwa miezi 12 kabla mitambo hiyo haijajengwa. Popo anayelala katika pango moja tu na kuzaa mtoto mmoja kwa mwaka atachukua muda mrefu sana kurudi akishapungua. Bila jedwali, mambo haya tungeyajua tu baada ya hasara kutokea.

Wakati wa wakusanyaji

Namba za kwanza zilitoka kwa wasafiri wa karne ya 19. Daktari wa jeshi Andrew Smith, Mskoti, alianzisha makumbusho ya Cape Town mwaka 1825 na kuwapa majina popo kadhaa wa Afrika Kusini. Mwaka 1832 alifika katika makao ya Dingane, mfalme wa Wazulu, na mwaka uliofuata alimwita popo mmoja wa rangi ya manjano Scotophilus dinganii. Hivyo jina la mfalme limebaki katika vitabu vya popo hadi leo.

Upande wa mashariki walitangulia Wajerumani. Wilhelm Peters aliondoka Ulaya mwaka 1842 akakaa miaka kadhaa Msumbiji na visiwa vya karibu, na mwaka 1852 alichapisha juzuu la mamalia wa safari hiyo. Baadaye, akiwa Berlin, alipokea sampuli kutoka kwa msafiri Johannes Hildebrandt. Mwaka 1878 alimwandika popo mkubwa mwenye ngozi ya puani iliyopinda kama kiatu cha farasi, akamwita Rhinolophus hildebrandtii. Sampuli ya popo huyo ilitoka Ndi, katika nchi ya Wataita. Mwaka 1897 Paul Matschie, naye wa Berlin, alimwandika popo wa masikio makubwa kutoka Magrotto karibu na Tanga, anayeitwa leo Otomops martiensseni.

Takaungu, Ndi na Magrotto ni majina ya kwetu, na yaliingia katika sayansi ya dunia kupitia kikaratasi kidogo kilichofungwa mguuni mwa popo mkavu. Kikaratasi hicho kwa kawaida kiliandikwa mahali, tarehe na jina la mkusanyaji. Mwenyeji aliyemwonyesha mgeni njia ya pangoni, au aliyejua kwamba popo hutoka jua likizama, mara nyingi hakuandikwa. Hilo ni pengo la kwanza katika jedwali, na halitazibika.

Hata hivyo tukiri kwamba kikaratasi kile kilifanya kazi kubwa. Wakusanyaji wale walikosea mengi kuhusu ujamaa wa popo, lakini waliandika mahali. Zaidi ya miaka 100 baadaye, ni neno hilo moja la mahali lililowawezesha wengine kuwasahihisha.

Kutoka makabatini hadi mapangoni

Katika karne ya 20 kazi ilihamia kwa wenyeji wa kusini. Austin Roberts alifanya kazi kwa miaka mingi katika Makumbusho ya Transvaal, Pretoria, akipanga ngozi na mafuvu ya ndege na mamalia. Alifariki katika ajali ya gari mwaka 1948, na kitabu chake kikubwa cha mamalia wa Afrika Kusini kikachapishwa Johannesburg mwaka 1951, miaka mitatu baada ya kifo chake. Popo wamo, wamepangwa kwa spishi na kwa mahali. Mwaka 1983 Reay Smithers alitoa kitabu kingine cha mamalia wa ukanda huu, na humo maisha ya mnyama, yaani anakula nini, analala wapi na anazaa lini, yalipewa nafasi kubwa.

Mabadiliko hayo yalitokana na watu walioacha makabati na kuingia mapangoni. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Pretoria waliwavisha popo pete ndogo za chuma zenye namba, wakawaachia, kisha wakawatafuta katika mapango mengine. Popo waliohusika zaidi ni Miniopterus natalensis, ambaye mpaka leo hulala katika mapango ya nyanda za juu za eneo letu, likiwemo la Sterkfontein, maarufu kwa mabaki ya binadamu wa kale.

Pete zile zilionyesha kwamba majike hupitisha majira ya baridi katika mapango yenye ubaridi ya nyanda za juu, miili yao ikiwa imetulia ili kuokoa nguvu. Majira ya kuchipua yakifika huruka zaidi ya kilomita 100 kwenda kaskazini, kwenye mapango yenye joto upande wa Limpopo, na huko ndiko wanakozaa. Mimba yao imefuata ratiba hiyo. Hupandwa kabla ya baridi kuingia, lakini kiinitete husubiri bila kujishika katika mji wa mimba hadi baridi inapokaribia kwisha. Mtoto huzaliwa wakati wadudu ni wengi.

Tazama jinsi mahali palivyo na uzito hapa. Mtu akimhesabu popo huyu Julai karibu na Johannesburg atasema pango lina maelfu. Akirudi Desemba atasema pango limehamwa. Zote mbili ni kweli, lakini mwenye kuandika namba bila mwezi na bila jina la pango ameandika uongo asioukusudia. Na mwenye kulinda pango moja huku akiliacha la pili lifungwe, hajamlinda popo yeyote.

Sauti isiyosikika

Safu ya sauti iliingia katika jedwali baadaye kuliko nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1930, nchini Marekani, Donald Griffin na mwenzake Robert Galambos walithibitisha kwamba popo hujiongoza gizani kwa kupiga sauti ya juu mno na kusikiliza mwangwi wake. Miongo kadhaa ilipita kabla vifaa vya kunasa sauti hizo havijawa vyepesi kiasi cha kubebwa porini.

Vilipofika kusini mwa Afrika, popo wa Takaungu aliwashangaza wengi. Sikio la binadamu, likiwa zima na changa, husikia hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Cloeotis percivali alipimwa akipiga sauti ya mitetemo 212,000 kwa sekunde, miongoni mwa sauti za juu kabisa zilizowahi kupimwa kwa popo yeyote. Anakula nondo, na nondo wengi wana masikio ya kumsikia popo akija, lakini masikio hayo husikia vizuri sauti za chini zaidi kuliko hiyo. Kwa hiyo huwafikia kimyakimya. Gharama yake ni kwamba sauti ya juu namna hiyo hufifia hewani haraka, hivyo humsaidia kuona kwa umbali mfupi tu.

Kitabu cha Wits na kazi ya kusahihisha

Mwaka 2010, Wits University Press ya Johannesburg ilichapisha kitabu Bats of Southern and Central Africa. Waandishi wake ni wanne: Ara Monadjem wa Eswatini, Peter Taylor, Fenton Cotterill na Corrie Schoeman. Kilieleza spishi 116. Msingi wake ulikuwa sampuli za makumbusho mbalimbali: waandishi walirudi kwenye vikaratasi vya zamani, wakakagua kila mahali palipotajwa, wakaviweka katika ramani, kisha wakaongeza vipimo, sauti na habari za maisha. Toleo jipya la mwaka 2020 lilifikisha spishi 124.

Spishi nane zimetoka wapi ndani ya miaka kumi? Baadhi hazikuvumbuliwa msituni. Zilikuwa kabatini siku zote, chini ya majina ya wengine. Mfano mzuri ni popo wa Ndi. Kwa zaidi ya karne moja, kila popo mkubwa wa aina ile, kuanzia Taita hadi Limpopo, aliitwa Rhinolophus hildebrandtii. Mwaka 2012 Taylor na wenzake walilinganisha mafuvu, sauti na vinasaba, wakaonyesha kwamba kusini kuna spishi nne tofauti. Mojawapo walimpa jina la Smithers, na nyingine jina la Mlima Mabu wa Msumbiji. Mwaka 2015 ikawa zamu ya popo wa masikio makubwa. Wale wa Kenya, Ethiopia na Yemen walitengwa na kupewa jina Otomops harrisoni, na wale wa Tanga wakabaki na jina la zamani pamoja na jamaa zao wanaolala katika mapaa ya nyumba za Durban.

Msomaji anaweza kudhani huu ni ugomvi wa majina tu. Sivyo. Kama mtu alichukua uzito uliopimwa Kenya, sauti iliyorekodiwa Zimbabwe na msimu wa kuzaa ulioandikwa Transvaal, akavijaza katika mstari mmoja wa jedwali, basi alimuumba popo asiyekuwepo duniani. Aliyeandika mahali pa kila kipimo anaweza kugawa mstari wake upya bila taabu. Asiyeandika hana budi kuufuta wote.

Kosa linapogharimu maisha

Sasa tufike kwenye jambo zito zaidi, nalo pia limepita Johannesburg. Februari 1975 kijana mmoja kutoka Australia, aliyekuwa amesafiri Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, alilazwa hospitalini katika jiji hili akafariki. Mwenzake wa safari na muuguzi mmoja waliugua wakapona. Vipimo vilionyesha virusi vya Marburg, ambavyo vilikuwa vimejulikana mwaka 1967 tu, na hii ilikuwa mara ya kwanza kwa ugonjwa huo kutambuliwa barani Afrika. Hakuna aliyejua virusi hivyo vinaishi ndani ya mnyama gani.

Dalili ziliendelea kuelekeza mapangoni. Mwaka 1980 na tena 1987, wagonjwa wawili wa Kenya walikuwa wametembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon. Kati ya 1998 na 2000 ugonjwa uliwashika wachimbaji dhahabu wa Durba, kaskazini-mashariki mwa Kongo. Watu 154 waliugua na 128 wakafa. Robert Swanepoel na wenzake wa maabara ya virusi ya Johannesburg walikwenda kukusanya wanyama wa mgodini, na katika miili ya popo walikuta chembe za urithi za virusi hivyo. Uthibitisho kamili ulitoka Uganda. Baada ya wachimbaji wa mgodi wa Kitaka kuugua mwaka 2007, virusi hai vilipatikana ndani ya popo mla matunda wa mapangoni, Rousettus aegyptiacus, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009.

Katika jedwali, popo huyo ana safu ya uzazi inayotufundisha. Uganda, karibu na Ikweta, huzaa mara mbili kwa mwaka, na watafiti waliona kwamba maambukizi hupanda katika vipindi viwili, wakati watoto wa kila msimu wanapofikia umri wa miezi sita hivi. Afrika Kusini msimu wake mkuu wa kuzaa ni mmoja. Anayetaka kuwaonya watu wasiingie pangoni miezi ya hatari hawezi kuchukua kalenda ya Uganda akaitundika Limpopo. Spishi ni ileile, lakini namba ina kwao.

Kitaka palitokea jambo la kusikitisha. Baada ya ugonjwa, popo wa mgodi ule waliangamizwa kwa makusudi. Ilionekana ni busara: ukimwondoa mwenye virusi, umeondoa virusi. Mwaka 2012 Marburg ilizuka tena katika eneo lilelile la Ibanda. Watafiti walipopima popo wachache waliokuwa wamerudi mgodini, walikuta kiasi cha 13 kwa kila 100 wana maambukizi, ilhali hapo awali walikuwa 5 hivi kwa kila 100. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mgodi ulipobaki mtupu, popo wengine waliingia kutoka kwingine, wengi wao wakiwa bado hawajapata kinga. Waliowaua popo hawakuwa watu wabaya. Waliogopa, na safu waliyoihitaji, inayoeleza jinsi popo hawa wanavyohama na kujaza nafasi zilizo wazi, haikuwa imejazwa.

Zamu ya nani sasa?

Mwaka 2024 Monadjem na wenzake, akiwemo Paul Webala wa Kenya, walichapisha hifadhidata ya popo wa Afrika kusini mwa Sahara. Ina spishi 266 na kumbukumbu za mahali zaidi ya 17,000, na mtu yeyote anaweza kuisoma bila malipo. Takaungu imo kwa sababu mwaka 1901 kuna aliyeandika neno hilo. Tofauti na wakati ule, majina ya Waafrika sasa yapo miongoni mwa waandishi, na si kwenye vikaratasi vya mahali peke yake.

Kwetu sisi wa klabu ya Kiswahili, kazi iliyobaki iko karibu kuliko tunavyodhani. Kiswahili kina neno moja, popo, kwa wanyama 266 wasiofanana. Hata hivyo wavuvi, wakulima wa minazi na wachimbaji wa pwani na bara wanajua yupi anakula maembe, yupi analala darini, yupi huonekana msimu wa mvua. Maarifa hayo ni safu za jedwali ambazo hazijaandikwa, na lugha ya kuyaulizia tunayo. Lakini atakayekwenda kuuliza afuate kanuni ambayo historia hii imetufundisha: aandike jambo aliloambiwa, aandike mwezi, aandike kijiji, na safari hii aandike pia, kwa ridhaa yake, jina la aliyemwambia.